Lori Lililopanda Vilima Kinyumenyume

“Nyuki, uko wapi?”

“Tumboni mwa kontena.”

“Mzigo?”

“Ninao mkononi.”

Katungu, kwa jina la kazi Nyuki, alikuwa amepiga magoti ndani ya lori kuukuu la Kimarekani lililopakiwa kontenani. Chini ya kiti palikuwa na tangi la uongo, na ndani yake macho ya kuongozea droni za vita, yamefungwa nailoni kama maandazi. Leo ghala la Wetherill Park huku ughaibuni, kesho milima ya Kivu nyumbani. Mama yake mdogo bado anaishi kule.

“Toka sasa hivi,” Vanessa, mkubwa wake kazini, akasema sikioni.

Mlango wa kontena ukafungwa. Komeo likalia mara moja tu.

Giza.

Redio ikakoroma, ikafa. Chuma kimemeza sauti.

“Dada Katungu!” Alikuwa Rodrigue, msimamizi wa ghala. “Mpole hivyo juu ya foklifti, kumbe jicho la serikali!”

“Fungua, kaka Rodrigue. Tuongee.”

“Tuongee nini? Gari kuukuu kutoka Amerika linapigwa dawa ya wadudu. Ndiyo sheria ya hapa. Na wewe ni mdudu. No worries, dada.”

Mpira wa dawa ukapenya kwenye tundu la hewa, ukaning'inia kama nyoka anayesubiri.

Katungu akagonga ukuta kwa ngumi. Nje, spika ya JBL ikapandishwa. Kwaya ikamfunika.

Bastola yake, Glock, ilibaki garini. Hapa kila mtu anapekuliwa langoni.

Alijua utaratibu wa Rodrigue. Wafanyakazi wanakusanyika kula, yeye anaongoza maombi, wanakula, wanarudi ghala la pili. Hapo ndipo atafungua dawa. Hakuna atakayesikia mtu akikohoa.

Akapapasa kuta. Jasho likamchoma macho. Hewa ilikuwa nzito tayari.

Akaligusa lori.

Vanessa alimsomesha habari zake mpaka akapiga miayo. Ndugu wawili wa Ohio, akina Brandt, walianza kuunda malori mwaka 1911. Injini zao zilishindwa vilima. Basi wakaipa gia ya kurudi nyuma nguvu za fahali. Dereva akifika kilimani, anageuza lori, analipandisha kinyumenyume. Watu wakacheka: “Lori linapanda kwa makalio!” Wanunuzi wakaona aibu. Mwaka 1914 kiwanda kikafungwa. Kampuni ikafa kwa kuchekwa.

Kurudi nyuma.

Katungu akawasha tochi. Pua ya lori ilielekea ukutani. Makalio yalikuwa mlangoni.

Akatikisa tangi la kweli. Petroli kidogo ya kulishushia kutoka kontenani bado ilicheza ndani.

Nje, muziki ukazimwa.

“Tuombe!” Rodrigue akanguruma, karibu kabisa na kontena. Alikuwa akililinda.

Na kwao kuomba si kunong'ona. Kila mtu anafumba macho, anapaza sauti yake, wote kwa pamoja. Rodrigue huwa anawapita wote, na hajui kuomba kwa kifupi. Kelele hizo zingefunika injini.

Katungu akajibana mbele ya pua ya lori, akashika mtaimbo wa kuwashia injini, akauzungusha.

Injini kimya.

“Tunafunga kazi zote za shetani!”

Akazungusha tena. Injini ikakohoa, ikalala. Moshi ukamjaa kifuani. Moshi wake mwenyewe utamuua kabla ya dawa.

“Shindwa! Shindwa!” watu wakapaza.

Mara ya tatu, kwa mwili mzima.

Injini ikaamka.

Akapanda kitini bila kuona, akipapasa gia.

“Baba, fungua milango!” Rodrigue alipiga kelele. “Milango yote iliyofungwa mbele yetu!”

Katungu akavuta gia, akaachia klachi.

Lori la aibu likarudi nyuma kwa nguvu za fahali. Komeo likakatika. Mlango ukamzoa Rodrigue, ukambwaga sakafuni. Bastola aliyoificha kiunoni ikaruka, ikazama kwenye sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Macho yote yakafumbuka.

“Yesu!” akasema Blaise, mmoja wa wafanyakazi, kijiko mkononi.

“Amina,” akajibu Katungu.

Akavuta breki, akashuka, akamfunga Rodrigue mikono kwa mpira wake mwenyewe wa dawa.

“Dada… tuongee,” Rodrigue akagugumia.

“Tuongee nini?”

Redio ikafufuka. “Nyuki! Nyuki, unanisikia?”

“Nakusikia. Leteni gari, mzigo ni mzima.”

Akaopoa bastola kwenye sombe kwa upawa, akaifuta, akamgeukia mpishi.

“Mama Déborah, unisamehe kwa chakula.”

Akachukua sambusa moja, akatoka kwenye jua.