Programu ya Nne

Sajini alipofika, saa kumi na moja na robo jioni, alikuta watu wawili wamelala chini: mmoja alikuwa ameshakufa, na mwingine alikuwa akisaidiwa kufa. Aliyekufa alikuwa ndani, kwenye chumba cha kuchapia. Aliyekuwa akisaidiwa alikuwa uani, katikati ya majirani wenye mawe na vipande vya mbao, na jicho lake moja lilikuwa limeshajifunga kwa uvimbe.

Sajini alikuwa mwanamke mnene mwenye goti bovu na subira fupi. Alipiga risasi moja hewani, watu wakarudi nyuma.

"Nani ameanza kumpiga huyu?"

Ghafla wote wakawa wapita njia. Mwanamke mmoja tu, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyejikaza. "Ameua dada yake, Afande. Asubuhi tumemsikia dada mtu akilalamika, 'Wewe utaniua.' Saa kumi na nusu nimesikia kishindo humo ndani. Baadaye nachungulia, huyu hapa kampakata, damu mpaka viwikoni. Ulitaka tumwandalie chai?"

Aliyepigwa alikuwa mdogo wake marehemu, bondia mstaafu aliyeitwa Ngumi tangu ujanani, na siku hiyo hakurusha hata moja. "Nimemkuta hivyo," alisema kwa midomo iliyopasuka. "Nilimwinua tu. Nilidhani bado yupo."

Mtu pekee aliyepiga magoti kando yake alikuwa mfamasia wa duka la ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari. Alikuwa na pamba na spiriti, anamfuta Ngumi kichwani, na koti lake jeupe lilikuwa limetapakaa damu kifuani na mikononi.

"Hata kama kaua, ni mtu," alisema kwa upole. Majirani wakatikisa vichwa kwa kuona alivyo na utu.

Sajini akaingia ndani. Marehemu, ambaye wateja wake walimwita Mama Chapa ingawa hakuwahi kuzaa, alilala ubavu kati ya meza na kabati. Kando yake ilikuwepo taipureta ya zamani, ya chuma, aliyoistaafisha miaka miwili iliyopita aliponunua kompyuta. Mtu aliinyanyua na kumshushia nayo kichwani. Daktari wa polisi alihesabu mara nne. Nywele zilikuwa zimenasa kwenye rola, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivunjika kwa sababu alijikinga. Vidole vile ndivyo vilivyomlisha miaka thelathini. Sajini alivitazama, akajisikia kumpiga mtu.

Skrini ya kompyuta ilikuwa nyeusi, lakini taa ya mashine ilikuwa bado inawaka. Alivaa glavu, akawasha skrini. Aliijua mashine ile. Ya nyumbani kwake ilikuwa pacha wake. Lilikuwa toleo la chini kabisa, lile wanalouziwa watu ambao mfuko hauruhusu jingine. Ukutani marehemu alibandika kadi yenye mwandiko mzuri: "TATU TU. Funga moja ndipo ufungue nyingine." Chini ya skrini zilionekana tatu zilizokuwa wazi: ya kuandikia, kikokotoo, na mchezo wa karata. Katikati palikuwa na onyo: "Programu tatu zimeshafunguliwa. Funga moja ili uendelee." Nyuma ya onyo ilikuwepo ile picha ya kiwandani, ya buluu, yenye nembo.

Chini ya meza aliokota picha ya karatasi ya bibi kizee aliyevaa miwani, na gundi ya karatasi kwenye pembe zake. Nyuma yake iliandikwa "Mama." Kwenye fremu ya skrini palibaki vipande vya gundi ile ile. Sajini alitabasamu kidogo kwa huzuni. Binti yake naye alibandika ya kwake mahali hapo hapo.

Mtaalamu wa kompyuta wa polisi alipiga picha onyo lile, akaliondoa, kisha akafungua pipa la taka la kompyuta, ambalo mashine haikulihesabu kama programu. Mlikuwa na faili moja, lililotupwa saa kumi na dakika arobaini na moja jioni ile ile.

"Kishindo ni saa kumi na nusu," alisema.

"Kwa hiyo alimuua, kisha akakaa dakika kumi na moja anabofya huku maiti ipo miguuni mwake," Sajini alisema. "Soma."

Lilikuwa tamko la kupeleka mahakamani. Pa jina paliachwa nukta, pajazwe kwa kalamu. "Mimi, ……………, natamka kwamba mume wangu hunipiga kwa taulo lililoloweshwa na kufungwa fundo, ili ngozi isipasuke. Mara mbili amenivunja mbavu. Akimaliza kunipiga hunipaka dawa yeye mwenyewe. Watu humsifu kwa mikono yake ya upole."

Saa moja jioni alimkuta Ngumi hospitalini, amefungwa pingu kwenye kitanda, kichwa kimeshonwa nyuzi kumi na saba.

"Mligombania nini asubuhi?"

"Karata, Afande."

"Kamari?"

"Karata za kwenye kompyuta. Niliacha mchezo wangu wazi. Mashine ile inakubali tatu tu, dada akataka kufungua kingine, ikamgomea. Akaniambia nifunge. Nikamwambia usiuguse, nimeuvuta tangu juzi, nakaribia kushinda. Akasema, 'Wewe utaniua na hizi karata zako.' Nikaupiga mlango teke, nikaondoka. Nimezunguka mpaka saa kumi na moja, hasira zikaisha, nikarudi kuomba radhi." Aligeuza uso ukutani. "Nimechelewa."

Mkuu wa kituo hakuguswa. "Damu mikononi, ugomvi, mashahidi. Kesho saa tatu asubuhi namfikisha mahakamani kwa mauaji. Wewe una ushahidi, au una huruma?"

"Nina onyo la kompyuta, Mkuu. Aliyeua alijaribu kufungua programu ya nne. Mtu aliyegombana na dada yake asubuhi kwa sababu ya hizo tatu atasahau jioni kwamba ni tatu?"

"Aliyetoka kuua husahau hata jina lake. Mke wa kwenye tamko mlete nimwone. Usipomleta, saa tatu ni saa tatu."

Usiku ule Sajini alilala na goti linamuuma na swali moja kichwani: wako wangapi mtaani wanaojua kupaka dawa?

Saa moja asubuhi mfamasia alifika kituoni mwenyewe, kabla ya kufungua duka, amenyoa, amevaa koti jipya. Sajini alimvutia kiti na kumwandikia maelezo kwa mkono wake.

"Nimeona niseme niliyoyaona," alisema. "Jana saa nane mchana nilipita kuchukua lebo zangu za chupa. Nilimwacha Mama Chapa mzima. Lakini alikuwa na hofu. Alisema mdogo wake amebadilika."

"Baada ya hapo?"

"Nilikuwa dukani mpaka niliposikia kelele."

"Uligusa kitu mle ndani?"

"Kipanya, na vitufe. Alama zangu mtazikuta, ndiyo maana nasema mapema. Alitaka kuweka picha ya marehemu mama yake kwenye uso wa kompyuta, hajui inavyofanywa. Nikamsaidia."

Kalamu ya Sajini ilisimama, kisha ikaendelea. "Picha ya mama yake ipi?"

"Yule bibi mwenye miwani. Alikuwa nayo ndani ya kompyuta."

"Ikakubali?"

"Mara moja. Ni kazi ya nusu dakika."

"Ilikaa vizuri? Maana nyingine hujivuta."

"Ilijaa skrini nzima. Mwenyewe alipiga makofi, maskini." Akafuta jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Daktari, Mungu akulipe. Saini hapa. Andika na saa."

Akasaini. Saa moja na dakika ishirini. Sajini aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akanong'ona na konstebo wa kike aende nyumbani kwa mfamasia, alitwae koti la jana popote lilipo, na amlete mkewe. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Nisindikize kidogo hapo kwa marehemu. Mimi na mashine hizi ni mbalimbali, nionyeshe ulivyofanya."

Saa mbili kasoro dakika tano walikuwa kwenye chumba cha kuchapia: Sajini, mkuu wa kituo aliyekuja akinung'unika, na mfamasia mbele ya skrini. Damu sakafuni ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi. Mfamasia aliiruka kwa hatua ndefu bila kutazama chini, kama mtu aliyeshaizoea.

"Weka picha yoyote," Sajini alisema. "Hii ya buluu siipendi."

Alibofya hapa, akabofya pale. Alifungua mipangilio, ambayo nayo haihesabiwi, akaifunga, akaifungua tena. Dakika mbili zikapita. Shingo yake ikaanza kulowa.

"Kwangu ipo hapa," alisema.

"Kwako ipo, nyumbani kwako una mashine ya bei mbaya. Hii haina. Toleo hili ukilinunua, umeuziwa na picha yake, na hakuna pa kuibadilishia. Binti yangu amenililia wiki nzima, mwisho akabandika picha ya karatasi kwenye fremu. Mama Chapa naye alibandika. Ile ya bibi mwenye miwani uliiona pale pale, kabla haijadondoka."

"Labda nimechanganya. Labda tulijaribu tu, ikashindikana."

"Ilijaa skrini nzima, na akapiga makofi. Umesaini." Sajini akasogea. "Haya, tuyaache ya picha. Fungua barua pepe."

Mshale ulitembea mpaka kwenye alama ya bahasha, ukasimama hapo. Kidole kiliinuka, hakikushuka.

"Bofya."

"Itakataa," alisema mfamasia.

Mkuu wa kituo aliacha kunung'unika.

"Inakataaje?" Sajini aliuliza. "Ukija kuchukua lebo na kuweka picha, hilo umelijuaje? Kadi ile ukutani haisemi tatu za nini. Umelijua saa kumi na dakika arobaini na kitu, ulipotaka kuona kama tamko la mkeo limeshatumwa kwa mtu. Ikakukatalia, ukazima skrini ukidhani umezima kila kitu. Kisha ukachukua pamba, ukaenda kujipaka damu ya Ngumi mbele ya watu, ili ya dada yake isionekane."

Mlango ukafunguliwa. Konstebo aliingia na mwanamke mwembamba aliyevaa mikono mirefu na kujifunga mtandio mpaka kidevuni. Mkononi konstebo alikuwa na mfuko wenye koti lililoloweshwa na jiki.

"Mama," Sajini alisema taratibu, "jana mumeo alirudi nyumbani akasema nini?"

Mwanamke aliitazama damu sakafuni. "Alikuta nakala yangu ya kwanza chini ya godoro, saa tisa. Akatoka nayo. Aliporudi jioni alinipa koti nilifue. Akaniambia, 'Mwandishi wako hataandika tena. Ukifungua mdomo, hii hii ndiyo itakayokukuta.'"

Mfamasia aliruka kutoka kwenye kiti. Alimkamata mkewe koo kwa mikono miwili, akamgongesha kichwa ukutani mara moja, mara mbili, bila kusema neno, na uso wake ukiwa mtulivu vile vile. Konstebo alimng'ang'ania mgongoni akarushwa kando. Sajini alimpiga rungu la mkono, mfupa ulisikika. Hakuachia. Akampiga la goti, akamwona anakwenda chini, akampiga la tatu begani ambalo kwenye ripoti hakuliandika.

"Nilimwomba kistaarabu," mfamasia alisema akiwa kifudifudi, shavu juu ya damu kavu. "Anipe lile faili tu. Akaniambia ya mteja ni ya mteja. Mwanamke wa kuchapa, ananijibu mimi hivyo. Mtaa mzima unaniheshimu. Nimewatibu watoto wao. Niache karatasi moja inivue nguo?"

"Mfunge pingu," alisema mkuu wa kituo.

Mwanamke aliketi, anakohoa, alama za vidole zinamwiva shingoni. Konstebo alimletea maji. Alipoweza kusema, aliuliza kama lile tamko bado lipo. Mtaalamu akalitoa kwenye pipa la taka na kulichapisha. Sajini alimpa kalamu, na mume wake akisimamishwa mlangoni anamwona, mwanamke yule aliandika jina lake lote juu ya zile nukta, herufi moja moja, bila haraka.

Saa tatu asubuhi aliyefikishwa mahakamani hakuwa Ngumi.

Saa sita mchana Ngumi aliletwa nyumbani kwa gari la polisi, amefungwa bandeji mpaka masikioni. Wale majirani walikuwa na kazi nyingi za ghafla ndani ya nyumba zao. Kompyuta ilikuwa inangojwa. Ilitakiwa izimwe na kupelekwa kwenye vielelezo. Sajini angeweza kuizima mwenyewe.

"Nimeona uifunge wewe," alimwambia.

Ngumi aliketi kwenye kiti cha dada yake. Alifunga ya kuandikia. Alifunga kikokotoo. Ikabaki ya tatu, akaifungua. Mchezo wake wa karata ulikuwa vile vile alivyouacha, hakuna hata moja iliyosogezwa.

"Hakuufunga," alisema. "Amefanya kazi siku nzima na mbili tu."

"Na kwa kuwa hakuufunga," Sajini alisema, "yule mtu alipofungua ya nne alikwama. Angeufunga dada yako, mimi nisingekuwa na kitu, na wewe saa hizi ungekuwa rumande."

Ngumi alilia kwa sauti, bila kujificha, na Sajini akamwacha alie. Baadaye alijifuta kwa bandeji ya mkono, akasogeza karata zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka mchezo ukaisha kwa ushindi. Kisha akaufunga.

"Nimefunga, dada," alisema, akazima mashine.