Waya Uliofichwa Mfukoni

Ilsiyar aliinama ampe binti yake busu la kuagana. Midomo haijafika shavuni, pakalia "ta!" Mtoto akaruka.

"Mama! Umenichoma tena!"

"Si mimi, Aigul. Ni baridi."

Watu wa Kazan, mji wa Urusi, husema hivyo kila mwaka theluji ikianguka. Ukivua sweta, cheche. Ukishika kitasa, cheche. Hakuna anayeuliza zaidi. Baridi ni baridi.

Jikoni, mama mkwe wake, Bi Minzifa, alikuwa akimimina chai ya maziwa. Rafis, mume wa Ilsiyar, alikuwa amekaa akitazama kabati. Juu ya kabati palijaa mabirika mapya. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, kiwanda cha Rafis kiliishiwa fedha, kikaanza kuwalipa watu mabirika. Birika ni kitu kizuri, lakini huwezi kulila. Nyumba nzima sasa ilikula kwa mshahara wa Ilsiyar.

"Umefunga shali?" aliuliza Bi Minzifa.

"Nimefunga, mama."

"Kiunoni? Figo zikipata baridi hutazaa tena."

"Mama, nina miaka arobaini!"

"Bibi Sara alizaa akiwa na tisini. Funga vizuri."

Shali ile Bi Minzifa aliifuma kwa mikono yake, kwa manyoya laini ya mbuzi. Ilsiyar aliizungusha kiunoni, akavaa sweta, akavaa koti, akatoka. Hakujua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Angejuaje? Hakuna aliyemwambia.

Kiwanda cha Ilsiyar kilitengeneza kompyuta. Zamani zilikuwa kompyuta kubwa, moja inajaza chumba kizima. Serikali ndiyo iliyoagiza, serikali ndiyo iliyonunua. Serikali ile ilipoanguka, wanunuzi wakatoweka. Wakubwa wa kiwanda wakahangaika huku na huku, mwisho wakapata mbia: kampuni moja ya Uingereza.

Wakaandikiana mkataba wa ubia. Waingereza walete vipuri, mashine za kupimia na ujuzi mpya. Watu wa Kazan watoe jengo, wahandisi na mafundi. Faida wagawane. Hasara pia wagawane. Kompyuta zingebeba majina yote mawili.

Bi Minzifa aliposikia habari hizo alicheka. "Ndoa hiyo! Bwana harusi na bibi harusi hawaelewani hata salamu."

Ilsiyar aliongoza kikundi cha wanawake waliounganisha bodi. Bodi ni kile kibao chembamba ndani ya kompyuta, ambacho juu yake hupangwa chipu, na chipu ndizo akili ya mashine. Kikundi chake kilisifiwa kwa miaka mingi. Mikono yao haikutetemeka.

Lakini majira yale ya baridi, bodi zao zilikuwa zikifa.

Ajabu ni kwamba hazikufa mezani kwao. Zilipopimwa pale, nyingi zilikuwa nzima. Zikipelekwa chumba cha pili, zikikaa kidogo ndani ya mashine, zinazimika. Asubuhi ile zilirudishwa trei nzima. Msimamizi wao, Bwana Talgat, alizitua mezani taratibu, kama mtu anayerudisha maiti.

"Kesho tuna kikao na Waingereza," alisema. "Wamechoka. Tusipoijua sababu, wanasimamisha vipuri. Vipuri vikisimama, ukumbi huu unafungwa."

"Ni vipuri vyenyewe vibovu," alisema Fanuza, fundi mwenye mdomo mwepesi. "Wanatuletea makombo yao."

"Hivyo ndivyo nitakavyosema. Wao watasema ni mikono yenu." Bwana Talgat alitupa jicho kwenye vifundo vya mikono yao. "Mikanda mmevaa?"

"Tumevaa," walijibu wote.

Ni kweli, walikuwa wamevaa. Waingereza walileta mikanda ya kuvaa mkononi, kila mmoja na waya wake mrefu uliojikunja. Mwisho wa waya kulikuwa na kibanio. Amri ilisema: kibanio kibanwe kwenye ukanda wa shaba chini ya meza. Shaba ile iliunganishwa na ardhi.

Hakuna mwanamke aliyekibana hapo. Wote walikitia mfukoni. Na aliyewaambia wafanye hivyo ni Ilsiyar.

Siku ya kwanza wanaume wa ukumbi wa zamani waliwacheka. "Mbwa wa Malkia wamefungwa! Leo mtatupiwa mfupa?"

Fanuza alijibu, "Sisi angalau tuna mwenyewe. Wewe unazurura tu."

Lakini kicheko sicho kilichomtisha Ilsiyar. Alipokuwa msichana, mjomba wake Gabdulla alishika taa mbovu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika bomba la maji. Umeme ulipita mwilini mwake ukaenda ardhini. Alizikwa kesho yake. Tangu hapo Ilsiyar alijua jambo moja: aliyeshikana na ardhi, umeme ukimpata haumwachi. Sasa wageni wanataka wanawake wake wafungwe kwenye ardhi kutwa nzima, katikati ya vyombo vya umeme! Alikataa moyoni. Mdomoni hakusema kitu.

Jioni kabla ya kikao roho haikutulia. Alishuka ngazi hadi kwa jirani yao, Halida. Halida alikuwa mhandisi wa kiwanda kilekile. Alikuwa amepelekwa Uingereza kujifunza, na ndiye aliyewatafsiria Waingereza. Ilsiyar alitaka tu kujua hali ya kikao. Aligusa kitasa. "Ta!" Akarudisha mkono haraka.

Halida alifungua mlango, akamtazama. "Karibu. Hiyo shali kiunoni, na kazini unaivaa?"

"Sasa niivulie wapi? Mama mkwe ataniua."

"Na juu yake koti lile la kazi, la nailoni, mlilonunua wenyewe?"

"Linafulika haraka. Tena linapendeza."

"Nipe hiyo shali."

Halida alizima taa ya ukumbini. Akaisugua shali kwenye kipande cha nailoni, kisha akavitenganisha. Gizani zikaruka cheche ndogo za samawati, zikilia kama chumvi motoni. Ilsiyar alishtuka.

"Huu ni umeme tuli," alisema Halida akiwasha taa. "Vitu viwili vikisuguana, umeme unabaki juu yake. Unatulia, unangoja njia ya kutokea. Hewa ya majira ya baridi ni kavu, tena tunaikausha zaidi kwa vipasha joto. Kwa hiyo unakaa mwilini mwako hadi uguse kitu. Unagusa kitasa, unaruka. Unagusa mtoto, unaruka."

"Na nikigusa chipu?"

"Unaruka pia. Ndani ya chipu kuna njia nyembamba mno, huwezi kuziona. Cheche inazichoma. Na si lazima uisikie. Cheche ndogo ambayo wewe huihisi hata kidogo, chipu inaihisi. Wakati mwingine haifi palepale. Inajeruhiwa. Inapimwa, inaonekana nzima. Baadaye inakufa."

Ilsiyar aliketi bila kuonyeshwa kiti. Chumba cha pili. Bodi zilifia chumba cha pili.

"Ndiyo maana ya mkanda," aliendelea Halida. "Umeme wa mwilini unashuka ardhini kidogo kidogo kabla haujajaa. Mnabana kwenye shaba, sivyo?"

Ilsiyar aliichukua shali, akaanza kuikunja.

"Ilsiyar. Mnabana wapi?"

"Mfukoni," alisema, na machozi yakamtoka. Akamweleza habari za mjomba Gabdulla, taa, bomba, na mazishi.

Halida hakumkemea. Alileta mkanda wa zamani na kisu, akapasua mwisho wa waya. Ndani kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele.

"Hiki ni kizuizi. Umeme wa mwilini mwako ni kidogo, unapita hapa bila shida. Umeme wa ukutani ukija, hapa unabanwa, unapita kidogo mno hata hauwezi kukuua. Mjomba wako hakuwa na hiki. Hofu yako si ya kijinga, dada. Anayefungua vyombo vyenye umeme mkali, huyo hatakiwi kuvaa mkanda kabisa. Lakini bodi zenu mezani hazina umeme."

"Mbona hukutuambia?"

Halida aliinamisha kichwa. "Karatasi ilisema, 'Vaa mkanda, bana kibanio.' Nikatafsiri hivyohivyo. Sikueleza kwa nini. Nilidhani mnajua."

"Na mimi nilidhani ukirudi kutoka Uingereza huulizwi maswali tena."

Walicheka kidogo, lakini kicheko hakikudumu. Ilsiyar alipanda ngazi akiwa na jiwe moyoni. Akamweleza Rafis yote.

"Nikisema, nafukuzwa mimi. Nisiposema, tunafukuzwa wote."

Rafis aliyatazama mabirika. "Basi sema," alisema. "Mabirika bado tunayo."

Kikao kilianza vibaya. Bwana Talgat alisema vipuri ni makombo. Mhandisi wa Kiingereza, Bwana Hartley, alisema vipuri hivyohivyo kwao vinafanya kazi. Halida alitafsiri huku na huku, uso umemwiva. Kila upande ulikuwa ukijitetea. Hatimaye Bwana Hartley alikunja karatasi zake.

Ilsiyar alijua akingoja kidogo zaidi hatasema kamwe. Akasimama.

"Sababu ni mimi," alisema.

Akatoa kibanio mfukoni, akakiweka mezani mbele yao wote.

"Hatukukibana hata siku moja. Niliwakataza wanawake wangu."

Bwana Talgat alifumba macho. Bwana Hartley aliuliza swali moja fupi, na Halida akalitafsiri: "Anauliza, kwa nini?"

Ilsiyar alimweleza habari za mjomba wake, kisha akavua shali mbele ya wanaume, akaiweka karibu na kibanio. Bwana Hartley alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba kwao fundi mpya huonyeshwa kizuizi kwanza, ndipo huvishwa mkanda. Huku walileta mikanda bila maneno. Kosa hilo, alisema, ni la kwao.

"Na la kwangu," alisema Halida kwa sauti yake mwenyewe.

Hakuna aliyefukuzwa siku ile. Lakini hakuna aliyesamehewa pia. Walikubaliana kujaribu mzigo mmoja tu. Bodi zake zikifa, ubia ungevunjwa.

Kwenye mlango wa ukumbi palipigiliwa misumari ya kutundikia shali. Makoti ya nailoni yakaondolewa, yakaja ya pamba. Mabeseni ya maji yakawekwa karibu na vipasha joto ili hewa isikauke mno. Hakuna tena aliyebeba bodi mikononi ovyo; zilisafirishwa ndani ya mifuko maalumu ya kuzuia umeme tuli. Halida alipasua mikanda kadhaa, kila mwanamke akaiona punje kwa macho yake. Hata hivyo walisimama tu, wakimtazama Ilsiyar.

"Anza wewe, dada," alisema Fanuza. Leo hakuwa na utani.

Ilsiyar alishika kibanio. Aliona bomba la mjomba wake. Akabana kwenye shaba, akakaza macho, akangoja.

Hakuna kitu. Mtu mmoja alikohoa.

"Uko hai?" aliuliza Fanuza.

"Niko hai. Bana na wewe, kazi inatungoja."

Bodi zilikwenda chumba cha pili. Siku zile za kungoja zilikuwa chungu kuliko zote. Ilsiyar hakula vizuri. Mlango ulipofunguliwa alidhani ni trei inarudi. Nyumbani, Bi Minzifa alimsikia akihema usingizini, akamwekea mto wa pili.

Hatimaye Bwana Talgat alikuja mikono mitupu. Wanawake walimtazama mikono, si uso.

"Zinafanya kazi," alisema. "Moja tu imekufa. Nayo ina ufa wa tangu Uingereza!" Akaufurahia ufa ule kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Bwana Hartley alicheka, akakubali kubeba lawama yake.

Vipuri viliendelea kuja. Kabla theluji haijaanguka tena, kompyuta zenye majina mawili zilitoka langoni kwa malori, na ukumbi ukaongeza meza. Bi Minzifa alinung'unika kuhusu figo, kisha akamshonea mkwewe mkanda mnene wa pamba wa kufunga kiunoni.

Akija fundi mpya sasa, Ilsiyar hampi mkanda mara moja. Humweleza kwanza habari za mjomba Gabdulla. Kisha humwonyesha punje. Kisha husema, "Kama bado unaogopa, niambie. Usifiche mfukoni."

Na asubuhi, kabla ya kutoka, hushika ufunguo wa chuma na kugusa nao bomba la kipasha joto, umeme utokee huko. "Ta!" hulia bombani. Ndipo huinama. Aigul, ambaye zamani alikuwa akikunja uso na kufumba macho, humpa shavu akiwa anatafuna mkate.