Umeme Uliovuja Mwaloni

Wanawake wa mwalo wetu hapa Muleba, pale ufukweni wavuvi wanapoegesha, walisema maji karibu na boti moja ya chuma iliyofungwa pale yanauma. Ukiingia mpaka magotini, miguu inachezacheza kama umekanyaga siafu. Mmoja alisema ni mamba mdogo. Mwingine alisema kuna mtu ametupa dawa. Nilicheka nao, lakini nilipofika nyumbani neno lile lilikataa kunitoka. Klaudia, binti yangu wa darasa la sita, huchota maji pale kila siku akitoka shule.

"Klaudia, umewahi kuumwa na maji?"

"Hapana, Mama."

Alijibu haraka mno. Tena siku hizo alikuwa anachelewa kurudi, anachotea mbali, kule kwenye matete.

Jumamosi tukimenya ndizi nikamuuliza tena. Kisu chake kikasimama.

"Taata alisema nisiseme."

Taata ni baba yake, mume wangu Byabato, mwangalizi wa boti ile.

"Usiseme nini?"

"Akichaji betri za boti, breka ya kwenye banda la barafu, tunakochomeka umeme wa boti, ilikuwa inaanguka kila mara, umeme unakatika. Akakata waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme ardhini. Sasa haianguki. Lakini nikiwa majini nikigusa boti, inanipiga. Mwenye boti akijua, atamfukuza Taata."

Niliacha ndizi hapohapo, tukateremka mbio.

Tulimkuta Datius, mtoto wa jirani, amesimama majini mpaka kifuani, mkono umeshika ubavu wa boti. Wenzake walikuwa wanamcheka. "We Datius, acha maigizo! Umeanza kucheza muziki?" Hakujibu. Midomo ilitetemeka, macho yanatutazama tu.

Nilishakunja kanga niingie. Klaudia akanivuta mpaka nikaanguka matako chini.

"Mama, usiingie! Utashikwa na wewe!"

Akakimbilia bandani, akachomoa plagi ya boti. Datius akaachia boti, akazama. Hapo ndipo tulipoingia, tukamtoa. Alitapika maji, kisha akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile. Tukampeleka zahanati.

Kesho yake fundi wa umeme tuliyemwita, Rutashobya, alikuja kutoka Bukoba. Hakugusa kitu kabla ya kuhakikisha plagi imechomolewa na betri zimezimwa. Kisha alitenganisha nyaya, akapima mmoja mmoja kwa mita, ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye chuma cha boti. Waya wa taa, salama. Wa soketi ya simu, salama. Alipofika kwenye waya wa chaja ya betri, mita ikalia. Akafungua mbao za sakafu. Waya ule ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ganda limekwisha, shaba iko nje.

"Byabato," alisema, "breka haikuwa mbovu. Umeme uliingia kwenye chuma, ukarudi kwa njia ya ethi, breka ikaukata. Ulipokata ethi, umeme ukabaki kwenye boti unatafuta njia nyingine. Ikawa maji. Ikawa watoto."

"Niliogopa kupoteza kazi," mume wangu alisema.

"Na huyu binti alikuogopa wewe. Lakini alipokubali kusema, mtoto wa mwenzako akapona. Kitu kibovu ukikificha hakitengenezeki, kinaendelea kuharibu."

Fundi alibadilisha waya, akarudisha ethi, akaongeza kifaa cha kukata umeme hata ukivuja kidogo. Byabato alikwenda mwenyewe kwa mwenye boti akaeleza yote. Alisimamishwa wiki mbili, akarudishwa.

Watoto, na nyie wazazi, nawaomba:

Usiogelee wala usichote maji karibu na boti iliyochomekwa kwenye umeme.

Usimfuate majini aliyeshikwa na umeme. Umeme uzimwe kwanza.

Usikate ethi.

Breka ikianguka tena na tena, usiilazimishe. Ita fundi.

Maji yakikuchezesha miguu, usinyamaze.

Na usimwambie mtoto wako, "Usiseme."