Ratiba ya Kupitia Ferrara

Simu ya mezani ililia mara tatu, ikakatika, kisha ikalia tena.

Fosca Baldrati hakuinua macho. Aliendelea kuandika kwa kalamu yake ya Aurora, na kwa mkono wa kushoto akanyanyua simu kama mtu anayefukuza nzi.

"Wakala wa safari Baldrati. Habari za asubuhi."

"Fosca, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamume, ikijizeesha kwa makusudi. "Shangazi Nives ameanguka ngazini."

Kalamu ilisimama.

"Maskini! Lini?"

"Leo alfajiri, huko Padova. Daktari anataka apelekwe akavute hewa ya bahari. Upesi."

"Nitamwombea."

Akakata simu.

Fosca hakuwa na shangazi aitwaye Nives. Kuanguka ngazini kulimaanisha kwamba mtu muhimu ametekwa. Hewa ya bahari ilimaanisha kwamba watekaji wamepanga kumtoa nchini kwa meli. Na Padova palikuwa na mtu mmoja tu wa uzito huo: Profesa Ercole Guzzinati, mzee wa miaka sabini na mmoja, ambaye kichwani mwake zilihifadhiwa namba za siri zinazolinda mitambo ya umeme ya kaskazini yote ya Italia. Atakayezipata namba zile ataweza kuzima hospitali kuanzia Torino hadi Trieste kwa kidole kimoja.

Profesa akishavuka bahari, harudi tena.

Kwa miaka kumi na miwili ofisi hii iliyo chini ya matao ya Bologna ilikuwa ikiwauzia watalii wa kweli safari za kweli. Kwa miaka hiyohiyo kumi na miwili, mwenye ofisi alikuwa jasusi wa serikali. Jina lake la kazi lilikuwa Nondo.

"Habari mbaya, bibi?" aliuliza mteja aliyeketi mbele yake.

"Wazee, bwana. Ngazi na wazee hawapatani hata siku moja."

Mteja alicheka kwa adabu. Alijitambulisha kwa jina la Amedeo Ristori, kiongozi wa kwaya ya wastaafu ya Modena. Suti yake ilikuwa nzuri, na Kiitaliano chake kilikuwa safi, safi kupita kiasi, kama sahani ambayo haijawahi kutiwa chakula.

"Tulifika wapi?" Fosca aliuliza.

"Watu wanane pamoja nami. Tunaondoka hapa Bologna, tunaona michoro ya vigae ya Ravenna, kisha bandari ya Ancona. Feri ya saa kumi na moja jioni. Tunakwenda kuhiji ng'ambo ya Adriatiki. Nataka tikiti moja ya kikundi, na mwongozaji mwenye kibali."

"Yupo mgonjwa?"

"Baba mkwe wangu. Amepata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu."

"Na siku ya kuondoka?"

"Ijumaa hii."

Fosca alitazama kalenda ya ukutani. Alitazama kwa utulivu, kama mtu anayehesabu mayai.

"Ijumaa hii ni tarehe kumi na saba, Bwana Ristori."

"Ndiyo. Nimesikia kutakuwa na jua."

Fosca aliweka kalamu chini.

Mtu wa Modena angeshika chuma haraka ili kuepusha nuksi. Angetukana. Angecheka kwa aibu na kuomba Jumamosi. Tangu utotoni angekuwa ameimbiwa na bibi yake kwamba Ijumaa na Jumanne mtu haoi wala haanzi safari, na tarehe kumi na saba ndiyo nuksi yenyewe. Babu yake Fosca, mtu wa elimu, hakuthubutu kutoa hata baiskeli kibandani siku kama hiyo.

"Na wenzako wote wameafiki?"

"Wote. Hakuna aliyelalamika."

Wastaafu wanane wa Modena wameafiki kuanza safari Ijumaa ya tarehe kumi na saba bila hata mmoja kunung'unika! Huo ulikuwa muujiza ambao hata Vatikani ingeutumia tume ya uchunguzi.

Fosca alitabasamu, akafungua ukurasa mpya.

"Basi tupange vizuri. Ravenna hawapokei vikundi asubuhi. Nafasi iliyobaki ni ya saa sita. Hamtakaa barabarani kwa muda wa saa nne bila kufanya lolote. Tutapitia Ferrara."

"Ferrara si lazima."

"Bwana wangu, bandarini wataiangalia ratiba. Mahujaji waliotoka Bologna wakazunguka asubuhi nzima bila kushuka popote, hao si mahujaji. Hao ni wafanya magendo."

Alisema hivyo akicheka. Ristori naye akacheka. Kila mmoja alicheka kwa sababu yake.

"Haya. Ferrara," alisema. "Saa moja tu."

Mlango ulipofungwa, Fosca alitoa simu ya pili, Nokia ya zamani iliyofungwa kwa mpira.

"Kanali Morigi," ilijibu sauti ya upande wa pili.

"Nondo hapa. Mmoja wao ametoka ofisini kwangu sasa hivi."

Kanali Sante Morigi, mkuu wake wa kazi, ndiye aliyekuwa amejizeesha simuni. Sasa sauti yake ilikuwa kavu. "Una hakika?"

"Anasafiri Ijumaa ya kumi na saba kwa hiari yake."

Fosca alijua kwamba Kanali ameshika kitasa cha chuma cha meza yake.

"Nimkamate?"

"Ukimkamata leo, alipofichwa profesa hatutapajua. Wenzake watamuua kabla ya chakula cha mchana. Mwache aniletee mgonjwa wake mwenyewe. Nitawasafirisha mimi."

"Kwa nini Ferrara?"

"Kwa sababu pale kila mtu yuko juu ya baiskeli, askofu kwa mchuuzi. Nipe watu kumi na baiskeli kumi. Na tafadhali, Kanali, baiskeli ziwe mbovu. Mpya zitawaumbua."

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi, basi dogo aina ya Iveco liliachwa nje ya kuta za Ferrara.

Fosca alitangulia na mwavuli mwekundu. Kiunoni, chini ya koti, ilikuwepo bastola ya Beretta. Nyuma yake walifuata wastaafu wa kwaya: nywele nyeupe, shingo za vijana. Mmoja alikuwa na mkongojo, lakini aliruka kidimbwi cha maji kama mwanasarakasi.

Katikati yao kilisukumwa kiti cha magurudumu. Aliyekikalia alifunikwa blanketi, kofia na miwani mikubwa myeusi. Mashavu yalikuwa yamevimba. Ndevu za profesa, zilizojulikana na kila mtu Padova, hazikuwepo.

Fosca alikuwa amewagawia wote, hata mgonjwa, vifaa vidogo vya sikioni, vile wanavyovaa watalii ili wamsikie mwongozaji anayesema polepole kwenye maikrofoni. Maikrofoni ya Fosca ilikuwa na kitufe kimoja cha ziada.

Katika sikio lake la kushoto Kanali alinong'ona.

"Nondo. Kuna tatizo."

Aligeuka kama anayetazama ngome ya mji. "Sema."

"Gari la wagonjwa limeonekana likielekea Genova. Mzee ndani, kiti cha magurudumu, miwani. Mmoja wa wazee hawa wawili ni chambo. Tukimvamia asiye mwenyewe, yule wa kweli atapigwa risasi papo hapo. Nataka uhakika."

"Nipe dakika kumi."

"Unazo tano."

Fosca alimsogelea mgonjwa ili kumrekebisha blanketi. Mkono wa Ristori ulitangulia.

"Usimsumbue, bibi. Hasikii, haongei."

"Masikini. Na wewe mbona hukuvaa kifaa chako?"

"Masikio yangu hayavipendi." Kifaa chake kilining'inia shingoni.

Fosca aliinua tena mwavuli. Moyo ulimdunda, lakini uso haukujua habari za moyo.

Dakika nne.

Aliwaongoza hadi Via delle Volte, kichochoro cha kale chenye matao juu na mawe ya mto chini, mawe ya duara kama viazi. Kiti kilianza kutetemeka. Waendesha baiskeli walipita polepole, mmoja na kapu la vitunguu, mwingine akipiga mluzi.

Fosca aliikumbuka hati ya profesa aliyoisoma usiku uliopita. Mahali alipozaliwa: Ferrara, mlango wa tatu kutoka kanisani. Dawa ya usingizi huweza kumnyang'anya mtu miguu na ulimi. Lakini yapo mambo yanayolala chini zaidi ya usingizi.

Aliinua maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, ngome mliyoiona ni nzuri, ingawa ya Mantova, mji jirani, inaizidi."

Mgonjwa hakutikisika.

"Mkate maarufu wa hapa, ule uliosokotwa pembe nne, waliuiga kutoka kwa waokaji wa Bologna."

Chini ya blanketi kidole kimoja kiliruka.

Dakika mbili.

"Na wale cappellacci, vifuko vya unga vyenye boga ndani, ambavyo watu wa Ferrara hujisifia," Fosca aliendelea kwa sauti tamu, "wataalamu wote wanakubali kwamba ni chakula cha Mantova. Ferrara walijifunza baadaye. Na hawakujifunza vizuri."

"Uongo."

Sauti ilitoka chini ya kofia, imekwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Uongo mtupu! Mantova... wanatia biskuti ndani, wale washenzi... Mama yangu, mwanamke wewe, mama yangu alikuwa..."

Kofia ikainama tena.

Katika sikio la Fosca, Kanali alishusha pumzi. "Nimesikia. Huyo ni wa Ferrara hadi kwenye mifupa. Ni yeye."

Lakini Ristori pia alikuwa amesikia.

Kitu kigumu kilimgusa Fosca mbavuni.

"Ziara imekwisha," Ristori alisema polepole. "Geuka. Tunarudi kwenye basi. Ukipiga kelele, mzee anatangulia, wewe unafuata."

"Bwana Ristori, mbele ya watu?"

"Watu gani? Wauza vitunguu?"

"Angalau niruhusu nimfute mate. Huyu ana binti, hutaki binti yake aone aibu."

Aliinama kabla hajajibiwa. Leso mkononi, kidole gumba kikapita kwenye sikio la mzee na kukitoa kifaa.

Kisha akabonyeza kitufe.

Mlio ulipenya masikio ya wastaafu sita kama sindano ya moto. Mkongojo ukaanguka. Nywele nyeupe za bandia zikachomoka na kuanguka kwenye mawe. Walishika vichwa, wakapiga magoti, wakajikunja. Baiskeli kumi zikageuka kwa pamoja, na vitunguu vikamwagika kichochoro kizima.

"Serikali! Chini! Mikono ionekane!"

Ristori peke yake alibaki wima. Masikio yake hayakuvipenda vifaa.

Alimpiga Fosca begani kwa kitako cha bastola, akashika kiti kwa mkono mmoja na kukimbia nacho, mtutu kisogoni mwa profesa.

"Nyuma! Kila mtu nyuma! La sivyo ubongo huu wenye thamani mtauokota kwa kijiko!"

Askari walisimama. Baiskeli zilisimama. Mwisho wa kichochoro, umbali wa hatua arobaini, Alfa Romeo nyeusi ilirudi kinyumenyume, mlango wazi.

Hatua thelathini.

"Nondo, risasi?" Kanali aliuliza.

"Hapana. Kidole chake kiko kwenye kifyatulio."

Hatua ishirini.

Fosca alikuwa tayari anakimbia, akikanyaga kando kando ambako mawe ni bapa. Ristori hakujua pa kukanyaga. Alisukuma kwa nguvu zake zote, moja kwa moja katikati.

Gurudumu dogo la mbele likazama kati ya mawe mawili.

Kiti kilisimama ghafla. Ristori hakusimama. Tumbo lake liligonga mikono ya kiti, bastola ikainuka, risasi ikapasua tao la juu na vumbi jekundu likamwagika. Kabla vumbi halijatua, mwavuli mwekundu ulikuwa umenasa kifundo chake cha mkono. Goti la Fosca likafuata. Kisha kiwiko.

Bastola ilianguka.

Ristori alianguka baada yake.

Alfa Romeo iliongeza mwendo, ikakuta gari la mafundi bomba limeegeshwa mbele yake kwa makusudi. Ndani yake hapakuwa na fundi bomba hata mmoja.

"Wewe ni mwongoza watalii wa namna gani?" Ristori aliguna, shavu juu ya jiwe.

"Mwenye kibali," Fosca alijibu, akimfunga pingu.

*

Daktari alimchoma profesa sindano, akamvua miwani. Mzee alifumba na kufumbua macho. Aliwatazama askari, matao, kisha mwanamke aliyechutama mbele yake akishikilia bega lililovimba.

"Binti yangu," alisema. "Livia. Anafikiri nimekufa."

Fosca alimpa Nokia. "Mpigie wewe mwenyewe, profesa. Kwangu hataamini."

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Kidole gumba kilining'inia juu ya vitufe. Sekunde zikapita.

"Siikumbuki."

"Namba?"

"Zile nyingine zote zipo. Zote, tarakimu mia nne, naziona kama ukutani." Machozi yalishuka katika mashavu yaliyonyolewa na mikono ya wageni. "Ya mwanangu haipo."

Kanali, aliyekuwa amefika kwa miguu akihema, alisogea. "Ofisi inaweza kuitafuta namba hiyo kwa dakika..."

Fosca alimzuia kwa jicho.

"Hatuna haraka," alimwambia mzee. "Tukumbuke pamoja. Inaanza na tatu, namba zote za simu za mkononi huanza na tatu. Halafu?"

"Halafu... nne. Nne, saba."

"Vizuri. Unapompigia, unakuwa umekaa wapi?"

"Jikoni. Nasimama dirishani." Alifumba macho. "Sita. Sita, mbili. Ana hasira nikichelewa... mbili, tisa."

Tarakimu moja moja, kama mtu anayeteka maji kisimani kwa kikombe, mzee alizitoa zote kumi.

Simu iliita mara moja tu.

"Halo? Nani?" Sauti ya mwanamke, imechoka kwa kulia.

Profesa alifungua mdomo. Maneno yalikataa kutoka. Alipumua tu kwenye simu, pumzi nzito ya mzee.

"Baba?" sauti ilisema. "Baba, ni wewe? Hiyo ni pumzi yako. Baba!"

Fosca aliinuka, akatikisa vumbi la matofali mabegani. Alipita kati ya askari bila kumtazama yeyote.

"Nondo," Kanali aliita. "Simu yako hiyo! Ni mali ya serikali!"

"Mwache amalize kuzungumza," alijibu bila kugeuka.

Aliokota kitunguu kimoja kilichomzuia njia, akakiweka juu ya kizingiti cha mlango uliokuwa karibu, akatembea kuelekea kwenye jua.