Mshiriki wa Mia Nne na Mbili

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likijificha nyuma ya vilima, Nyanchera, fundi wa kompyuta, alipopanda ngazi hadi chumba kilicho juu ya duka la Vasant mjini Kisii kwenda kuipima seva, mashine ya kuendeshea mikutano ya video. Kazi ya robo saa tu. Jumatatu wakulima mia nne wa chai wangekutana kwa video, kila mtu na simu yake nyumbani kwake, na chama chao kilitaka kujua kama mashine ingehimili au ingezirai mwenyekiti akifungua mdomo tu.

Kipimo chenyewe hakina ajabu. Unaiambia kompyuta itengeneze washiriki bandia mia nne, unawaingiza mkutanoni kwa mpigo mmoja, kisha unatazama seva inavyohema. Kila bandia ana kijisanduku chake kwenye skrini, na ndani ya kila kimoja video ileile: Brandon, mwenzake wa kazi, akitafuna ndizi. Brandon alijirekodi mwenyewe. Mtu huyo hana haya.

Majina je? Mwingine angeandika Mtu wa Kwanza, Mtu wa Pili, yakaisha. Nyanchera alitaka kuwapendeza wakubwa, akamwaga humo kitabu chote cha wakulima. Hapo ndipo alipokosea. Huku kwetu mtu akifa, nambari yake ya kuuzia chai haifi. Kubadilisha jina ni safari za mahakamani, na ndugu hawaelewani, basi marehemu anaendelea kupeleka majani sokoni mwaka nenda mwaka rudi. Nusu ya watu wa kitabu kile walikuwa chini ya udongo. Mmoja wao alikuwa Kerubo, mama yake Nyanchera, aliyezikwa mwaka juzi.

Ukimtoa Nyanchera, msimamizi asiyehesabiwa, mtu wa kweli mkutanoni alikuwa mmoja tu: baba yake, mzee Ogoti, kule Nyamira, ameketi mbele ya tableti. Nyanchera alihitaji mtu wa mbali ili ajue sauti inachukua muda gani kufika kijijini. Ukweli ni kwamba alitaka pia kumwona. Tangu mkewe afe, mzee alikuwa akila vijiko viwili na kusukuma sahani. Moyo wake ulikuwa mbovu, na daktari alishaonya asishtuliwe. Ndiye mzazi pekee aliyembakia, na Nyanchera aliogopa kumpoteza kuliko alivyoogopa kitu chochote duniani.

"Tata, unanisikia?"

"Nasikia. Maliza haraka, Sabato inaingia."

Akabonyeza. Hamsini. Mia. Mia mbili. Feni za seva zikaanza kunguruma. Mia nne, na baba yake, mia nne na mmoja. Picha haikukwama hata kidogo. Nyanchera akatabasamu.

Kisha namba ikaruka.

402.

Alimkuta mwisho kabisa wa orodha. Kijisanduku cheusi, bila Brandon, bila ndizi. Jina: Kerubo. Kerubo wa pili, maana yule bandia alikuwa bado kule juu, anatafuna.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nyanchera akachukua simu, akampigia Brandon.

"Wewe, wacha mchezo na jina la mama yangu."

"Mchezo gani? Mimi niko Kenyenya. Stima imepotea hapa tangu saa tisa."

"Nani mwingine ako na nenosiri?"

"Si ni mimi na wewe tu? Nyanchera, nini mbaya?"

Akamkatia. Hakumwamini. Stima hupotea upesi sana mtu akitafutwa.

Akafungua jedwali la vipimo, lile linaloonyesha sauti ya kila mshiriki inachelewa milisekunde ngapi. Aliye mbali huchelewa zaidi. Bandia, waliokuwa ndani ya mashine iliyo mbele yake: tatu. Baba yake: mia moja arobaini. Kerubo wa pili: elfu mbili. Hata watoto wetu walioko Amerika hawako mbali hivyo. Tena kila anayeingia huiongezea seva mzigo, lakini huyu hakuongeza hata chembe. Alikuwamo, na hakuwa na uzito.

Elfu moja na mia mbili...

Mia saba...

Alikuwa anakaribia.

Mia tatu... Mia moja arobaini. Ikasimama hapo, sawasawa na ya baba yake. Na chumba kile cha ghorofani, mbali na shamba lolote, kikaanza kunuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Ogoti..."

Mzee akainua uso. Machozi yakamtoka papo hapo.

"Kerubo?"

"Ogoti... njoo."

Mzee akaanza kuinuka, mkono kifuani. Nyanchera akabonyeza kitufe cha kumtoa mshiriki. Mara ya kwanza, hola. Mara ya tatu kijisanduku cheusi kikatoweka.

"Umefanya nini?" Mzee akaikaribia skrini. "Umemfukuza mama yako!"

"Tata, nisikilize. Huyo si mama." "Mama alikuita Ogoti lini? Miaka arobaini hakulitaja jina lako, hata mbele ya pasta. Alikuita Baba Nyanchera. Huyo amelisoma tu jina lako hapo kwa skrini."

Mzee akajifuta macho kwa kiganja.

"Ni kweli. Kerubo alikuwa na heshima. Akiniita tena hivyo, siitikii."

Nyanchera akapumua. Akawaondoa bandia wote mia nne, akabaki na baba yake peke yake, mkutano ukiwa wazi. Nje kulikuwa kumeshaingia giza. Alitaka kumwambia atakuja kesho asubuhi, wakae pamoja, amkaangie hata kuku.

Ngo... ngo... ngo.

Haikuwa kwenye mlango wake. Ilitoka kwenye tableti. Mtu alikuwa akibisha kule Nyamira.

"Baba Nyanchera..." Sauti ilikuwa ya upole, ya mamake kabisa. "Baba Nyanchera, nimefika. Fungua."

Nyanchera akaganda. Jina hilo alikuwa amelitamka yeye, kwa kinywa chake, dakika moja tu iliyopita.

Mzee akamgeukia binti yake. Tangu mazishi hakuwa ameonekana na furaha kama ile.

"Sasa huyo ndiye," akasema kwa kunong'ona, akainuka.

"Tata, usifungue! Tata!"

Kwenye skrini kilibaki kiti kitupu. Kisha akasikia komeo likivutwa.