Majina Kumi na Moja Karema

"Mchele umetoka Majimoto."

Simu ikakatika.

Nasma aliirudisha Nokia mfukoni. Bosi wake, Manyanda, alikuwa amemwambia kwa mafumbo kwamba kadi imeondoka Mpanda alfajiri, na aliyeibeba yumo kwenye kundi lake.

Kundi lilikuwa la watalii wanane, Nasma akijifanya mmoja wao. Walikuwa wameshuka kwenye basi la Coaster kuitembelea Karema, bandari ya kale ya Ziwa Tanganyika. Mmoja wao alificha kadi ya kumbukumbu ya SanDisk, ndogo kama ukucha. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu kumi na mmoja waliokuwa wakiipa Idara ya Usalama habari za wasafirisha silaha wa ng'ambo ya ziwa.

Saa sita mchana boti yao ingekuja kuichukua.

Wote kumi na mmoja, Nasma ndiye aliyewaomba watoe habari, mmoja mmoja, akinywa chai majumbani mwao. Zamani walikuwa kumi na wawili. Jina la Dina, muuza dagaa wa Ikola, lilitangulia kuvuja wiki iliyopita.

Dina alizikwa Jumanne.

Saa nne kasoro robo.

Walianzia kwenye boma. Mwongozaji wao, Silvesta, mzaliwa wa Karema, aliwaeleza jinsi Wabelgiji walivyolijenga, mapadre wakalirithi, na jinsi maji ya ziwa yalivyokuwa karibu kabla hayajarudi nyuma. Wageni waligusa kuta na kupiga picha.

Mmoja hakuligeukia boma hata mara moja. Aliitwa Emelyne. Kamera yake ya Canon ilielekea ziwani, picha baada ya picha, kama mtu anayesubiri kitu.

Nasma akasogea. Mkono ukaingia kwenye mkoba wa Emelyne. Kitambaa, biskuti, sindano za insulini.

Basi.

"Dada, unatafuta nini humo?"

Nasma alisema amefananisha mkoba. Emelyne aliukumbatia mkoba wake na kuhamia upande wa pili. Wenzake nao wakaanza kumwangalia Nasma kama mwizi.

Simu ikatetema.

"Umempata?" Manyanda aliuliza.

"Bado. Askari wako wapi?"

"Gari limekwama kwenye matope ya mtoni. Uko peke yako. Usiwashtue, ataitupa majanini hatutaiona tena."

Saa tano na dakika kumi. Jasho lilimtiririka mgongoni, na bastola ya Glock chini ya blauzi ilikuwa nzito kuliko siku zote. Kila alipofumba macho aliziona nyuso za wale kumi na mmoja. Hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku.

Wakaingia kanisani.

Kwenye Coaster, mwanaume mmoja mpole aitwaye Josephat alikuwa amejitambulisha kuwa katekista mstaafu wa Kibaoni, anayekuja kuhiji. Sasa alilipita bakuli la maji ya baraka mlangoni bila kuligusa. Mbele ya altare akafanya ishara ya msalaba. Akaanza na bega la kulia.

Nasma alikuwa Mwislamu. Lakini alikulia Shanwe, ukuta mmoja na jirani Mkatoliki, Mama Tereza, na Jumapili nyingi za utoto wake alimsubiri kwenye mlango wa kanisa. Alijua kwamba bega la kushoto ndilo hutangulia.

Silvesta naye alikunja uso.

Josephat aliwaona wote wawili. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akapanda bodaboda iliyokuwa ikimngoja.

Pikipiki ya Boxer ya mtu fulani ilisimama nje, ufunguo umo. Nasma hakuomba.

Vumbi. Mbuzi. Kona. Ziwa likatokea mbele, na boti nyeupe ilikuwa imeshatia nanga kando ya bandari, mashine ya Yamaha ikinguruma. Josephat alirukia ndani. Nasma akapiga magoti, akafyatua mara mbili.

Yamaha ikanyamaza.

Nahodha akajitosa na kuogelea zake. Josephat akaitoa kadi kwenye soksi, akaitia mdomoni, naye akaruka majini.

Nasma hakujua kuogelea.

Aliruka hivyo hivyo. Maji yalimwingia puani na masikioni. Akamkamata shingo, akasukuma vidole katikati ya meno yake. Josephat aliuma hadi mfupani. Nasma hakuachia. Walizama, wakaibuka, wakazama tena, na aliwaza kwamba akifa hapo, afe na kadi mkononi.

Kadi ikatoka.

Miguu yake ikagusa mchanga. Maji yalikuwa ya kifua tu.

Alimburuta hadi ufukweni, akamfunga mikono, akamwelekezea Glock iliyokuwa ikichuruzika maji. Akamuuliza ziko nakala ngapi.

"Hakuna," Josephat alisema, akihema. "Wa ng'ambo walitaka kuiona wenyewe kwanza, kabla ya kunakili chochote."

Nasma aliiweka kadi juu ya jiwe na kuiponda kwa kitako cha bastola mpaka ikawa unga.

Silvesta alifika kwa pikipiki, Emelyne nyuma yake. Nokia ilikuwa imekufa, hivyo Nasma akaazima simu.

"Kumi na mmoja wapo," alimwambia Manyanda.

"Na wewe?"

"Nimelowa."

Emelyne alimfunga vidole kwa kitambaa chake. Nasma alimwomba radhi kwa lile la mkoba.

Askari walipofika na matope hadi magotini, walimchukua Josephat. Silvesta akamuuliza Nasma kama amrudishe kwenye gari apumzike.

"Ratiba ilitaja makaburi ya wamisionari," Nasma alisema. "Hayo sijayaona."

Akatangulia kupanda mlima kuelekea huko, viatu vikitema maji.