Kibao cha Usioge

Kila asubuhi kabla ya shule Selina aliteremka na ndoo mpaka bwawani, na macho yake yalimtangulia kwenye boti za kasia. Jumapili watu wa mjini walikuja kuzipanda, wakavua samaki na kuchoma nyama. Baba yake, Zefania, alikuwa mmoja wa waliochimba bwawa lile kwa majembe, wala hakuwahi kuketi ndani ya boti. Mama naye alikufa akiitamani safari hiyo. Sasa Mwalimu Luciana alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa darasa lao litapandishwa boti bure.

Ukingoni palikuwa na kibao: USIOGE HAPA. Selina na rafiki yake Emiliana walishakubaliana kwamba kuoga ni kwa sabuni. Wao waliogelea tu.

Alhamisi Emiliana akamnong'oneza kwamba anakojoa damu. "Na wewe je?"

Selina naye alikuwa hivyo, ila aliogopa kuikosa safari ya boti. "Mimi hapana."

"Basi si kitu. Sisemi."

Jioni, wakila ugali, Selina akamgeukia baba yake. "Baba, nakojoa damu. Emiliana pia, na nimemdanganya."

Zefania akawaka. Wakubwa wa bwawa, alisema, walileta boti za wageni, choo cha wanakijiji wakakisahau. Kibao wakaandika, sababu wakaimeza. Alipotulia akasema, "Kesho zahanati, wewe na Emiliana."

"Kesho ni boti, baba."

"Najua, mwanangu."

Ijumaa walimpitia Emiliana kwao. Zahanatini Muuguzi Elina aliitikia shikamoo zao, akawapima mkojo na kuwapa vidonge. Ni kichocho, akaeleza: vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, uwe na sabuni au usiwe nayo. Watapona, ila wasiingie tena majini, wala wasikojoe humo.

"Umenikosesha boti, mwongo wewe," Emiliana akamwambia njiani, lakini akamshika mkono.

Walipofika juu ya bwawa, boti zilikuwa katikati ya maji, na vicheko vya wenzao vilisikika mpaka barabarani. Zefania akasimama.

"Wakubwa walituficha sababu, na nitawalaumu mpaka nife. Lakini wewe, Selina, ulijua unaumwa, ukamficha mwenzako. Ukiwa na neno la kumponya mtu, liseme siku hiyohiyo, hata kama litakunyima unachokitamani."

"Ndiyo, baba."

Hakuwaharakisha. Wakasimama pale, watatu, wakazitazama boti mpaka ya mwisho ilipogeuka kurudi ukingoni.